Grisi ya Jumatatu

Haya, sogea nikutegee, na usikimbilie kunipa mji kabla hujakuna kichwa. Ninaye mtumishi wangu, amebeba mzigo tangu siku aliyozaliwa, anazunguka mchana kutwa wala hajawahi kufika hata mlangoni. Akishiba mafuta hunyamaza. Akiumwa hatoi chozi, hutetemeka tu, na tetemeko lenyewe dogo, hata ukimshika mkono hulitambui. Nani huyo?

Umesema mzee? Umesema punda? Basi lete mji, nimeshakula, nakujibu: ni beringi. Ile pete ya chuma yenye gololi ndani, inayokaa popote penye kitu kinachozunguka, kuanzia gurudumu la baiskeli hadi mashine za kiwandani. Na usione haya kushindwa. Namjua mwanamume mzima, mume wa binti yangu mdogo, aliyekula mshahara wa beringi miaka nenda miaka rudi, na alishindwa vibaya kuliko wewe.

Mkwe wangu huyo alikuwa fundi mkuu katika kiwanda cha unga, na watu walimwita Daktari. Jina alijipa mwenyewe, kisha akakaa akisubiri watu walizoee. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Akitaka kujua hali ya mashine, ncha ya bisibisi anaisimika kwenye kasha la beringi, mpini anautia sikioni, anafumba macho, halafu anainua kidole ili watu wanyamaze. Kinu kinanguruma, mikanda inapigapiga, chekeche zinatikisika, yeye anataka watu wanyamaze! Baadaye anafumbua macho taratibu, kama mtu aliyetoka safari ya mbali, anatoa hukumu.

"Nzima. Inaimba."

Siku moja aliipima hivyo mota ya kupandishia nafaka. "Nzima," akasema, "inaimba kama kinanda." Mwanamke mmoja wa ufungashaji akamwambia, "Daktari, mbona hiyo imezimwa tangu asubuhi? Wamekwenda kutafuta mkanda." Kumbe wimbo aliousikia ni wa mashine ya jirani, umepita sakafuni ukampandia hadi sikioni. Unadhani alinywea? Aliipangusa bisibisi yake kwa kitambaa akasema, "Ndiyo maana nikasema nzima. Iliyopumzika itaumwa nini?"

Hayo niliyaona kwa macho yangu, maana nilikuwa na kibanda cha chai ndani ya ua wa kiwanda, na birika humwingiza mtu hata asipoalikwa.

Sasa, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, ndiye niliyekuwa nikiishi naye. Kwa utani namwita mke mwenzangu. Huyo alisomea kupima mtetemo wa mashine, akazunguka na vyeti vyake hadi soli za viatu zikawa kama karatasi, mwishowe kiwanda hichohicho kikamchukua. Kikamchukua kwa majaribio. Akiridhisha, anathibitishwa, asiporidhisha, anaonyeshwa geti. Asubuhi ya kwanza alivaa ile ovaroli ya bluu akajitazama kwenye kioo cha kabati mpaka nikamwuliza kama ni ovaroli au ni shela. Alicheka, akajitazama tena. Kazi ile aliitaka kuliko kitu chochote.

Chombo chake kilikuwa kisanduku chenye kioo, na waya, na mwisho wa waya kidude cha sumaku kidogo kama kizibo cha chupa. Anakibandika kwenye chuma, kinashika, anakiacha kidogo, anakibandua. Basi. Hakuna kufumba macho, hakuna kidole juu.

"Kwa hiyo unaisikiliza," nikamwambia jioni moja tukimenya viazi.

"Siisikilizi, bibi. Ukiisikiliza utazama kwenye kelele. Ndani ya beringi kuna pete mbili, ya nje na ya ndani, gololi zinakimbia katikati. Pete ikichubuka hata kidogo, kila gololi ikipita pale inagonga. Ko, ko, ko. Sikio halisikii. Lakini chuma kinatetemeka, na chombo kinalichukua tetemeko lote kinalichambua kama wewe unavyochambua mchele. La shafti, ule mhimili unaozunguka, linawekwa huku, la mkanda kule, la pete ya nje pale. Kila moja lina mwendo wake, na huo mwendo naujua kabla, kwa hesabu ya gololi na kasi ya shafti. Pakisimama mstari mkali kama mwiba kwenye kioo mahali pa pete ya nje, najua pete ya nje imeumia."

"Na kama iliyoumia ni gololi?"

"Mwiba unasimama mahali pengine."

"Mke mwenzangu, marehemu mume wetu ana bahati aliondoka mapema. Ungembandika kidude hicho kifuani ukajua kila alikochelewa."

"Bibi!"

"Menya viazi."

Meneja wa kiwanda tulimwita Ngoja Kwanza, kwa kuwa hakuna jambo uliloweza kumpelekea asikujibu hivyo. Choo kimeziba, ngoja kwanza. Kuna moshi kwenye swichi, ngoja kwanza. Lakini hiki chombo kilimfurahisha, maana kilimpa rangi. Alitengenezesha ubao akautundika getini, mashine zote zimepangwa, mbele ya kila mashine jina la fundi wake, na mbele ya jina kitufe: kijani kwa nzima, njano kwa inayotiliwa shaka, nyekundu kwa mgonjwa. Kila aingiaye na atokaye anaona. Kisha akatangaza kwamba vipimo ni kila Jumatatu asubuhi, ili mafundi wapate kujiandaa.

Wapate kujiandaa! Ungedhani mashine inakwenda kuposwa. Mtu mwenye akili timamu akitaka kujua kama nyumba yangu ni safi, atanitumia salamu kwamba anakuja? Lakini Ngoja Kwanza alikuwa na tai, na tai ikishabana shingo huzuia mengi kupanda.

Kipimo cha kwanza, mashine zote kijani, isipokuwa feni kubwa. Hiyo feni ndiyo inayofyonza vumbi la unga kutoka kwenye vinu. Ina mabawa ya chuma mapana kama milango, na beringi mbili zinazoibeba, moja kila upande. Beringi ya upande wa ufungashaji ilisimamisha mwiba. Mdogo, lakini mahali pake ni palepale pa pete ya nje. Mjukuu wangu akaweka njano. Mbele ya njano, jina la Daktari.

Siku hiyo kibanda changu kilijaa. "Daktari, mgonjwa wako anaendeleaje?" "Daktari, amelazwa au unamtibu nyumbani?" "Daktari, hebu mwekee bisibisi, labda atajisikia vizuri." Yeye alikunywa chai yake akaacha nusu kikombe. Mkwe wangu hajapata kuacha chai ya bure tangu amuoe mwanangu.

Jumatatu iliyofuata, kijani. Na iliyofuata, kijani. Daktari akaanza tena kutembea na kifua mbele. "Nilisema nzima, sikusema? Vitoto vya shule vinakuja na televisheni vinatufundisha kazi." Ngoja Kwanza naye akampiga begani mbele ya watu: "Mzee, sikio lako ni mali ya kiwanda." Sikio! Lile lililosikiliza mota iliyozimwa.

Lakini mjukuu wangu hakufurahi. Alikuwa akirudi nyumbani anakaa na chombo chake mapajani, chakula kinapoa. Nikamwuliza.

"Bibi, chuma kilichochubuka hakijirudi. Haiwezekani wiki hii pete imechubuka, wiki ijayo imepona. Si ngozi hiyo. Na kila Jumatatu nikifika, pembeni ya kasha nakuta ulimi wa grisi mpya umetokeza, safi, bado haujashika hata vumbi la unga. Kasha lenyewe la moto, kwa sababu limeshindiliwa. Grisi mpya ikijaa, gololi zinapita juu ya kidonda kama zimevaa soksi. Kugonga kunafifia. Siku chache grisi ikishatawanyika, kunarudi, tena kumezidi."

"Kwa hiyo mtu anamwogesha mtoto maji baridi kabla ya kumpeleka kliniki, ili muuguzi asione homa."

"Hivyohivyo."

"Na homa ipo."

"Homa ipo, bibi. Na mama mdogo anasimama palepale kushona magunia. Hiyo beringi ikikwama, shafti inapinda, bawa linakwangua kasha la feni, sijui linatokea wapi."

Mama yake mdogo ni huyo binti yangu, mke wa Daktari. Kila siku amesimama karibu na feni iliyokuwa chini ya mume wake mwenyewe, nyusi nyeupe kwa unga, hana habari.

Jumapili walikuja kula kwangu kama kawaida. Daktari akaketi kwenye kiti chenye mikono, kile ambacho hakuna aliyempa, akaeleza jinsi alivyowahi kuokoa kiwanda kizima kwa sikio la kushoto. Binti yangu alikuwa akinisaidia kupakua. Mjukuu wangu akamwekea maji ya kunawa, akapiga goti kidogo kwa adabu, akamwuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Baba mdogo, samahani. Ni nani anayeitia grisi ile feni kabla sijafika Jumatatu?"

Nikwambie alivyojibu? Alinawa. Alinawa kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kumpasua mgonjwa. Akasema, "Mama, leo mchuzi unanukia."

"Mtoto kakuuliza," nikasema.

"Nimesikia, mama. Mashine ina watu wengi, mama. Hii chumvi iko wapi?"

Chumvi ilikuwa mbele yake. Alikula, akasifu, akaongeza, akasifu tena, akaaga mapema akisema mgongo unamsumbua. Mkewe alimsindikiza kwa macho, kisha akanitazama mimi. Mjukuu wangu alibaki ameshika lile jagi la maji.

"Ungemtaja kwa meneja," nikamwambia baadaye.

"Nitamtajaje, bibi? Sijamwona kwa macho. Na ni baba mdogo."

Ndivyo nilivyomlea, na siku hiyo nilitamani ningemlea vibaya kidogo.

Alichofanya, hakungoja Jumatatu. Alhamisi, watu wako kwenye chai, akaibandikia feni kidude chake bila kumwambia mtu. Nilikuwa napita na birika nikachungulia kioo. Mimi darasa langu la mwisho lilikuwa la saba, lakini mwiba naujua. Ulikuwa umesimama mrefu mwembamba, na nyuma yake wadogo zake wamejipanga kwa nafasi sawasawa, kama watoto wa shule wanaokwenda kupata chanjo.

"Hii haifiki mwisho wa mwezi," akasema.

Akaenda ofisini kwa Ngoja Kwanza akaomba feni isimamishwe, beringi ifunguliwe.

"Ngoja kwanza," akasema yule. Alikuwa akikata kucha. "Jumatatu uliweka rangi gani?"

"Kijani, bosi."

"Na leo?"

"Nyekundu."

"Mashine imeugua siku tatu?" Akaniangalia mimi niliyekuwa namimina chai, kana kwamba nami nina hisa kwenye kiwanda. "Feni ikisimama vinu vyote vinasimama. Unajua hilo? Mwiteni Daktari."

Daktari akaja na bisibisi. Msafara mzima ukaenda kwenye feni. Ncha kwenye kasha, mpini sikioni, macho yakafungwa, kidole juu. Binti yangu pale kwenye cherehani ya magunia akasimamisha kazi akatazama. Sijui mkwe wangu alisikia nini humo ndani. Nilimwona tu jasho linamchuruzika kutoka kisogoni kuingia kwenye kola, na palikuwa na upepo.

"Nzima," akasema. "Inaimba." Lakini safari hii hakufumbua macho taratibu. Aliyafumbua haraka, akatazama chini.

Ngoja Kwanza akamgeukia mjukuu wangu. "Umemsikia? Haya, mimi ni mtu wa haki. Nakusimamishia feni. Tukifungua tukakuta ubovu, nakuthibitisha kazini. Tukikuta beringi nzima, unachukua mkoba wako leoleo. Bado unataka?"

Nilitaka kusema, mke mwenzangu, acha, kaa kimya, mwezi ukiisha itavunjika yenyewe watajua. Lakini yeye alimtazama mama yake mdogo pale kwenye magunia.

"Bado nataka," akasema.

Feni ikazimwa. Ilichukua muda kutulia, mabawa yakizunguka kivivu, na kimya kilichofuata kilikuwa kigeni hata watu wakaanza kunong'ona. Kasha likafunguliwa. Lo! Grisi ilifumka kama ugali uliosahauliwa jikoni. Ilijaa kote, ikamwagika kwenye spana, ikadondoka sakafuni mafungumafungu, mpya juu ya mpya. Aliyekuwa akiitia alikuwa na mkono wa ukarimu, ukarimu wa mtu asiyenunua.

Wakaitoa beringi, wakaiosha kwa mafuta ya taa ndani ya karai, wakaiweka juu ya meza ya karakana. Ikang'aa.

"Ehee!" Daktari akapata sauti. "Tazameni! Inameta kama jino la mtoto mchanga!"

Mtoto mchanga hana jino, lakini nani angemkatiza mtu aliye kwenye raha yake? Akaizungusha kwa kidole. "Laini! Hii mngeiacha ingewazika nyote!"

"Hilo ndilo ninaloogopa," nikasema.

Ngoja Kwanza akapiga ulimi. "Binti, nadhani tuliagana."

Mjukuu wangu aliinama, akazitelezesha gololi kando pamoja na kizimba kinachozishika, akaipangusa pete ya nje kwa ndani, upande ule wa chini unaobeba uzito. Akapitisha ukucha. Ukucha ukakwama. Akapitisha tena, ukakwama palepale. Akaisogeza beringi chini ya taa akasema, "Bosi, weka kidole hapa."

Ngoja Kwanza akaweka kidole chake kilichokatwa kucha vizuri. Pale chini chuma kilikuwa kimebanduka, baka pana kama mbegu ya boga, kingo zake zimechongoka, na mstari mrefu wa nyufa nyembamba kama nywele umeanza kulitoka kuelekea pembeni. Watu wakasogea. Binti yangu naye alikuwa ameacha magunia yake, amesimama mlangoni mwa karakana.

Nikavuta pumzi. Nikasema moyoni, basi, mtoto amepata kazi yake. Nilikuwa nimesahau naongea kuhusu watu gani.

"Ngoja kwanza," akasema Ngoja Kwanza, akipangusa kidole kwa leso. "Shimo hili halikuzaliwa leo."

"Hapana, bosi. Lina wiki nyingi."

"Wiki nyingi. Na baada ya ile njano ya kwanza umeniwekea kijani tu. Ubao wangu, getini, kila mtu anaona. Kwa hiyo ama ulikuwa unanidanganya, ama chombo chako hakioni kitu. Chagua lolote utakalo. Mtu wa namna hiyo nimthibitishe kwa kazi gani?"

Unaona? Mtu kaambiwa nyumba inaungua, anauliza kwa nini hukupiga kelele jana wakati kiberiti kilikuwa bado mfukoni.

"Kila Jumatatu nilikuta imeshindiliwa grisi mpya," akasema mjukuu wangu. Sauti ilimtoka nyembamba lakini haikukatika. "Grisi ilifunika. Niliandika nilichokiona."

"Grisi ya nani? Nani aliitia?"

"Niliuliza, bosi. Sikujibiwa."

"Ulimwuliza nani?"

Angeweza kuinua kidole chake pale, jambo likaisha. Hakuinua. Alitazama ile beringi tu, na macho yake yamejaa, na nikajua anahesabu alivyokwenda ofisi kwa ofisi na vile vyeti, na kwamba sasa atarudi kuanza upya.

"Basi hakuna aliyeulizwa," akasema Ngoja Kwanza. "Kachukue mkoba."

Daktari alikuwa ameshika bisibisi yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeshikilia bomba ndani ya basi lisilo na breki. Akakohoa. "Unajua siku hizi," akaanza, "beringi zenyewe wanazotuletea ni za bandia, chuma chake ni chepesi, halafu hali ya hewa..."

Hali ya hewa! Ndani ya karakana! Nilitua birika chini nisije nikalitumia.

Ni binti yangu aliyemkatiza. Alitoka mlangoni akaja mpaka kwenye meza, akaitazama beringi, kisha akageuka akatazama kule kwenye cherehani yake ya magunia na ile feni iliyosimama kando yake. Alipima kwa macho, kutoka hapa mpaka pale. Hapakuwa mbali.

"Mume wangu," akasema, bila kupandisha sauti. "Mtoto alikuuliza swali tangu Jumapili. Mimi nilikuwepo, sahani mkononi."

Karakana nzima ikamgeukia. Mwanamume aliyezoea kuwanyamazisha watu kwa kidole, sasa walikuwa wamenyamaza bila kuombwa, na hakujua afanye nini na kimya hicho. Alimtazama mkewe, unga kwenye nyusi. Alimtazama meneja. Mimi hakunitazama.

"Mimi," akasema. "Kila Jumatatu, kabla hajafika. Niliitia mimi."